Uthibitisho na Ukweli

Kuna maneno mawili katika lugha yetu ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja: uthibitisho na ukweli. Mtu akisema jambo limethibitishwa, msikilizaji hudhani amekwisha kuambiwa kuwa ni la kweli. Na akisema jambo ni la kweli, msikilizaji hudhani uthibitisho wake upo mahali fulani, hata kama hakuuona. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha kwamba mambo haya ni mawili. Kwamba wanazuoni wa mantiki walihitaji miaka mingi kuyatenga na kisha kuyaunganisha. Na kwamba mahali watu wasipoyatenga, damu ya wasio na hatia yaweza kumwagika. Sitatafuta mfano wa mbali. Nitaanza Katoro.

Katoro ni mji wa biashara ulio magharibi ya mji wa Geita, kando ya barabara iendayo Bwanga, nao umekaribiana na Buseresere hata mgeni hajui mmoja waishia wapi na mwingine waanzia wapi. Watu wa huko hulima, hufuga na kuchuuza, na wengi huishi kwa dhahabu: wachimbao, wasagao mawe katika makarasha, wauzao na wanunuao. Siku moja niliketi kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu wa makamo, mpole wa maneno, aliyenikaribisha kwa sababu mvua ilinikuta mlangoni pake.

Nilipokuwa pale, kijana mchimbaji alileta kipande kidogo cha manjano. Mnunuzi hakukisifu wala hakukidharau. Alikichoma kwa moto mkali, akakipima hewani, kisha akakining'iniza kwa uzi na kukipima majini. Akaugawanya uzito wa hewani kwa upungufu ulioonekana majini, akatazama namba aliyoipata. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 ya maji ya ujazo ule ule. Pairiti, jiwe la manjano liwadanganyalo wageni, hufikia mara 5 tu. Aliridhika, akalipa. Kijana alipoondoka, akaniambia, "Mwalimu, katika kazi hii jicho halitoshi."

Mvua ilizidi, na mazungumzo yakahamia kijijini kwao. Alinieleza kwamba mtoto wa ndugu yake amefariki, na kwamba watu wamekwisha kumjua aliyemwua: bibi mmoja, mjane, akaaye peke yake. Nikamwuliza wamejuaje. Akajibu pasipo kusita, "Macho yake ni mekundu. Wachawi wote wana macho mekundu, hilo nani asiyelijua?" Nilimtazama. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu, kwa moshi wa moto aliouchochea kila siku. Nikamwambia, "Ndugu yangu, na macho yako je?" Akacheka kidogo, akasema, "Hilo ni jambo jingine, mwalimu."

Sikupata jibu la kumpa wakati ule, na mvua ilipokatika niliaga. Insha hii ni jibu ambalo lilistahili kutolewa siku ile.

Jambo hili si la Katoro peke yake, wala si la jana. Mauaji ya vikongwe washukiwao uchawi yameandikwa katika Usukuma wote tangu miaka ya 1970, na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyafanya kuwa maudhui ya tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1993. Katika habari hizo macho mekundu hutajwa tena na tena kama dalili ya kumtambua mchawi. Basi tuipime dalili hiyo kama mnunuzi apimavyo dhahabu.

Hoja yenyewe ina madai mawili na hitimisho moja. Kila mchawi ana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Basi bibi huyu ni mchawi. Mtu mwenye huzuni aisikiapo hoja hii huona imekamilika. Lakini yaondoe maneno yake na kuweka mengine, umbo likibaki lile lile: kila ng'ombe ana miguu minne, mbuzi huyu ana miguu minne, basi mbuzi huyu ni ng'ombe. Madai mawili ni ya kweli, na hitimisho ni la uongo. Kwa hiyo kasoro haimo katika ng'ombe wala katika mchawi, imo katika umbo. Umbo ambalo limeweza kututoa penye kweli na kutufikisha penye uongo hata mara moja haliaminiki, na anayelitumia hajathibitisha kitu, hata kama kwa bahati hitimisho lake lingekuwa la kweli.

Njia hii ya kuishinda hoja kwa kutafuta hali moja ambamo madai yake yote ni ya kweli na hitimisho ni la uongo ndiyo roho ya elimu ya maana katika mantiki. Hali hiyo tuiite kielelezo kipinzani. Aliyeieleza elimu hii kwa ukamilifu wa kihesabu ni Alfred Tarski wa Poland, katika maandishi yake ya mwaka 1933 juu ya ukweli. Kwa mujibu wake hatuwezi kusema sentensi ni ya kweli mpaka tujue inasema juu ya vitu gani, na majina na sifa zilizomo zinaelekea wapi. Hitimisho hufuata madai ikiwa hakuna kielelezo kipinzani hata kimoja, katika ulimwengu wowote uwezao kufikiriwa.

Upande wa pili ni ule wa uthibitisho. Hapa hatuulizi maneno yanaelekea wapi. Twatazama kanuni tu, kama mwamuzi wa mpira atazamavyo mstari. Gottlob Frege, aliyefundisha Jena, Ujerumani, ndiye aliyetoa mwaka 1879 mfumo wa kwanza wa alama uliotosha kuyashughulikia maneno "kila" na "baadhi" kwa kanuni zilizo wazi. Gerhard Gentzen akazipanga upya kanuni hizo katika maandishi yake ya 1934 na 1935, zifanane na mwendo wa akili ya mtu anayefikiri. Kanuni zake mbili juu ya neno "kila" nataka msomaji azikumbuke.

Ya kwanza yasema: ukikubali kwamba kila mtu ana sifa fulani, huna budi kukubali kwamba mtu yeyote utakayemtaja anayo, nawe mwenyewe ukiwemo. Ya pili yasema: ukitaka kuthibitisha kwamba kila mtu ana sifa fulani, mchukue mtu yeyote, usidhani lolote juu yake isipokuwa kwamba ni mtu, kisha uthibitishe kuwa anayo. Kama katika njia yako uliingiza kwa siri habari yake ya pekee, kwamba ni mzee, au mjane, au maskini, uthibitisho umebatilika. Kanuni hizi ziliandikwa kwa ajili ya hesabu, lakini sioni aibu kusema kwamba ndani yake mna nusu ya uadilifu. "Kila" ya kweli haichagui uso.

Sasa twaweza kumrudia mnunuzi wa Katoro. Tuseme ameona kasoro ya umbo, akaitengeneza hoja yake: kila mwenye macho mekundu ni mchawi, bibi huyu ana macho mekundu, basi ni mchawi. Umbo hili ni sahihi kabisa, na mwenye kanuni za Gentzen hawezi kulikataa. Lakini dai la kwanza limebadilika, na kanuni ya kwanza inamdai mnunuzi ajitaje na yeye. Hapo ndipo aliposema, "Hilo ni jambo jingine." Alikuwa na maana kwamba "kila" yake haikuwahusu wanaume wenye mali, wala wasaga mawe wa makarasha ambao vumbi limewachoma macho, wala mama wa nyumbani mwake apikaye jikoni penye moshi. Iliwahusu wanawake wazee wasio na mtu wa kuwatetea. Alikuwa amechora mpaka wa dai lake kuwazunguka wanyonge, kisha akaliita dai la watu wote.

Naomba msomaji alipime jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo kiini cha maneno yangu. Elimu ya maana yatufundisha kuuliza kwanza: neno "kila" linatembea juu ya kundi gani? Mtu mwenye kujibu swali hilo baada ya kumchagua mshitakiwa hafikiri, anatafuta ruhusa. Na katika mauaji ya vikongwe imeonekana mara nyingi kwamba nyuma ya kundi lililochaguliwa hivyo pana shamba la mjane ambalo mtu analitamani, au urithi usiogawanyika.

Dai lenyewe, kwamba macho mekundu yatoka kwa uchawi, halihitaji mantiki ili lijaribiwe. Lahitaji mtu aingie jikoni. Katika sehemu nyingi za Shinyanga misitu ilikatwa, ili kuangamiza mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, hata serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kuirudishia nchi miti yake. Mahali penye uhaba wa kuni watu huwasha samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Mwanamke aliyeinama juu ya moto wa namna hiyo miaka hamsini atakuwa na macho gani? Tena uko ugonjwa wa trakoma, ambao huyaumiza macho ya wanawake kuliko ya wanaume, kwa sababu wao hushinda na watoto. Mantiki haikuyajua hayo wala haiwezi kuyajua. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mnunuzi ni dai lipi linalobeba mzigo wote, ili alipeleke majini.

Huenda mtu akasema kwamba watu wa vijijini hawaendi kwa macho tu. Huenda kwa mganga, na mganga ana elimu yake yenye kanuni. Sitaki kulipuuza neno hili, maana ni la kweli kwa kadiri yake. Ichukue ramli ya mchanga, iliyoletwa pwani yetu pamoja na elimu za Waarabu. Ina maumbo 16. Kila umbo lina mistari minne, na kila mstari una nukta moja au mbili. Mpiga ramli huanza na maumbo manne yaitwayo mama, hupata kwayo mengine manne yaitwayo mabinti kwa kuisoma mistari ya mama kwa upande, kisha huyajumlisha mawili mawili mpaka abakiwe na moja, ambalo ndilo hakimu. Nukta za hakimu sharti ziwe shufwa. Zikiwa witiri, mpiga ramli hujua amekosea hesabu, naye huanza upya. Sababu yake yaweza kuthibitishwa: mabinti wana nukta zile zile za mama, zimepangwa vingine, kwa hiyo jumla ya yote ni maradufu.

Huu ni mfumo wenye kanuni, tena unaojisahihisha. Umepungukiwa na nini? Umepungukiwa na daraja. Hesabu ya shufwa na witiri yathibitisha kwamba nukta zimejumlishwa vema. Haithibitishi kwamba nukta zina habari yoyote na mtoto aliyefariki. Na ndivyo ilivyo kwa waganga wasomao alama ndani ya kuku: waweza kuwa na utaratibu mkali, na utaratibu ukafuatwa bila kosa, na jina litokalo mwisho lisiwe na uhusiano na kweli. Ile iitwayo ramli chonganishi, inayomtajia mfiwa jirani yake, ina nguvu kwa sababu mfiwa anauona utaratibu na kudhani ameuona ukweli.

Mantiki ilijiuliza swali hilo hilo juu ya nafsi yake. Je, kanuni zetu nazo zina daraja? Daraja hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni uaminifu: kila kithibitishwacho kwa kanuni hufuata kweli kutoka katika madai. Huu si mgumu kuuonyesha. Hukaguliwa kanuni moja moja, na kila moja huonekana kwamba haiwezi kututoa penye kweli ikatutupa penye uongo. Upande wa pili ni ukamilifu: kila kifuatacho kweli chaweza kuthibitishwa. David Hilbert na Wilhelm Ackermann waliliuliza swali hili katika kitabu chao cha mwaka 1928, na kijana wa miaka 23, Kurt Gödel, akalijibu Vienna mwaka 1929 katika tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka uliofuata. Jibu lake lilikuwa ndiyo. (Lisichanganywe na lile jibu lake la 1931, lihusulo hesabu za namba, ambamo alionyesha upungufu.) Basi katika mantiki ya daraja la kwanza, yaani ile ya "kila" na "baadhi" juu ya vitu, uthibitisho na kufuata kweli, vitu viwili vilivyozaliwa mbali, vilipatikana kuwa na mipaka ile ile. Lakini vilipatikana hivyo kwa kazi. Havikudhaniwa hivyo tangu mwanzo.

Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, waliongeza neno la kutunyenyekeza. Ikiwa hitimisho linafuata madai, mwenye kutafuta kwa utaratibu na subira atauona uthibitisho siku moja. Lakini ikiwa halifuati, hakuna utaratibu mmoja wa jumla utakaotuambia hivyo katika kila hali. Mtafutaji aweza kutafuta pasipo mwisho. Sisemi kwamba sheria za jinai zilitokana na hesabu hizo. Ni za zamani kuliko hizo. Lakini nauona mfano wake. Mwenye kushitaki ana kitu cha kuleta, na kikiwapo chaweza kuletwa. Bibi aambiwaye athibitishe kwamba yeye si mchawi ametakiwa afike mwisho wa njia isiyo na mwisho. Ndiyo maana Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mshitakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Kutothibitika kwa jambo si uthibitisho wa kinyume chake.

Yako mapingamizi mawili ambayo lazima niyajibu. La kwanza ni kwamba mantiki hii ni ya Wazungu, nasi tuna hekima yetu. Nakubali tunayo, na hiyo ndiyo shahidi wangu. Wahenga walisema, "Vyote ving'aavyo si dhahabu." Ukiisoma methali hii kwa haraka utadhani yasema hakuna king'aacho kilicho dhahabu, na hapo kila mchimbaji wa Geita angekuwa mwongo. Lakini hakuna mzawa wa lugha hii aliyeielewa hivyo. Sote twasikia: si kila king'aacho ni dhahabu. Yaani mwenye kusema Kiswahili amekwisha kujua, kabla ya kumsoma Frege, kwamba mahali pa neno la kukanusha hubadili maana yote. Walakini wahenga hao hao walisema pia, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Methali hii ni nzuri kwa mwenye kuchukua tahadhari, ikigeuzwa kuwa kanuni ya hukumu, huua. Hekima yetu haitutoi katika wajibu wa kuchagua ni neno gani litumike wapi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mfiwa hasomi mantiki, anauguza moyo. Na mchimbaji aliyekopa, akachimba mwaka mzima asipate kitu, hatangoja Gödel. Nchi yetu iliona kuanzia mwaka 2007 jinsi watu wenye ualbino walivyowindwa katika mikoa hiyo ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu iliaminiwa kwamba viungo vyao huvuta utajiri. Waliosimuliwa walikuwa wale wachache waliotajirika baada ya kwenda kwa mganga. Waliokwenda wakarudi maskini hawakusimuliwa na mtu, ingawa kila mmoja wao alikuwa kielelezo kipinzani kilicho hai. Hoja gani ingaliwazuia wawindaji?

Sina majivuno ya kudhani kwamba somo la mantiki lingalimzuia mwenye panga mkononi. Lakini mwenye panga hakuanza peke yake. Kabla yake walikuwapo watu wengi wapole, waliokuwa wamekaa mahali pakavu wakati wa mvua, waliosema "hilo nani asiyelijua?" na wengine waliosikia wakanyamaza. Kwa hao hoja ina kazi. Mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza, nami nilikuwa na shahada ya kunitosha kusema.

Wala sikuhitaji kumwonyesha mnunuzi yule jambo geni. Alikuwa nalo mezani pake. Alijua kwamba jicho halitoshi. Alijua kwamba kitu hupimwa kwa njia isiyomjua mwenye kukileta. Alijua kwamba kipimo kimoja kikikataa, maneno mengi ya muuzaji hayakirudishi. Kilichosalia ni kumwomba atende kwa bibi yule haki aliyoitenda kwa kipande cha manjano cha kijana asiyemjua: asikubali mpaka apime, na mahali asipokuwa na kipimo asihukumu.